Akselereta ya Nairobi au kituo atamizi cha Mombasa? Jibu kwa binti wa Lamu

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tulianza Novemba hapa Lamu kazi ya kuunganisha wavuvi wa Kizingitini na Faza na mahoteli ya Shela, Watamu na Malindi. Hoteli inaagiza kwa WhatsApp, oda inaingia kwenye programu aliyotengeneza mwenzetu, sisi tunapokea samaki gatini, tunawatia barafu na kuwasafirisha. Malipo ni M-Pesa. Tuna mahoteli 11, na 9 kati yao yanaagiza kila wiki. Sasa tumepata nafasi mbili kwa pamoja. Akselereta moja ya Nairobi (programu ya kuharakisha ukuaji wa kampuni changa) inatupa shilingi milioni 3 kwa asilimia 8 ya kampuni, programu ya miezi 3 kuanzia Aprili, na katika hizo shilingi 800,000 zinakatwa kuwa ada ya mafunzo. Kituo atamizi kimoja cha Mombasa (mahali pa kulea biashara changa) kinatupa mwaka mzima wa meza, intaneti, mwanasheria na mhasibu. Hakichukui hisa wala hakitoi pesa, ila tuhudhurie siku mbili kila wiki. Mwenzangu mmoja anasema tukiziacha milioni 3 hatutaziona tena. Twende wapi? Binti wa Langoni, Lamu.

Jibu: Waalaikum salaam mwanangu, na hongera. Mahoteli 9 yanayorudi kila wiki bila kubembelezwa ni mali, na kampuni nyingi changa zenye ofisi za vioo hazina hata nusu yake.

Nianze na jibu lenyewe kwa sababu barua zote mbili zinakusubiri. Usiingie akselereta Aprili hii. Ingia kituo cha Mombasa, lakini usilikubali sharti la siku mbili kwa wiki kama lilivyo. Watu wa Nairobi waandikie kwa adabu uombe nafasi katika awamu ya baadaye. Sasa nikueleze sababu, ili ukikaa na wenzako uwe na hoja mkononi.

Wengi hudhani kwamba unaanzia kituo atamizi halafu unapanda kwenda akselereta, kama darasa la kwanza na la pili. Sivyo zilivyozaliwa. Kituo atamizi cha kwanza kinachojulikana kilianza mwaka 1959 katika mji mdogo wa Batavia, jimbo la New York, Marekani. Kiwanda cha zana za kilimo cha Massey-Harris kilikuwa kimefungwa, watu wamebaki bila kazi, na Joseph Mancuso akajikuta na jengo kubwa tupu lisilopata mpangaji mmoja wa kulichukua lote. Akaligawa vipande, akapangisha biashara ndogo ndogo, na akawapa wenyewe ushauri na huduma za ofisi za pamoja. Mpaka leo vituo hivi vina asili hiyo: vinakupa paa, huduma na muda. Havikukimbizi, kwa kuwa havijanunua kitu kwako.

Akselereta zilikuja baadaye sana. Y Combinator ilianza 2005 huko huko Marekani, Techstars ikafuata 2006 mjini Boulder, na wao walianza na pesa. Wanachukua kundi la kampuni kwa mkupuo mmoja, wanaipa kila moja mtaji wa masharti yale yale, wanazibana kwa miezi kama mitatu, kisha wanazisimamisha mbele ya wawekezaji. Tangu 2022 Y Combinator hutoa dola 125,000 kwa asilimia 7, na dola 375,000 nyingine kwa mkataba uitwao SAFE, ambao nitaugusa mbele. Hesabu yao ni kwamba kampuni nyingi za kundi zitakufa, chache mno zitakua sana, na hizo chache zitalipia zote. Faida yako ya mwaka huu haiwasumbui. Wanataka ijulikane upesi kama wewe ni mmoja wa hao wachache.

Ndiyo maana mimi huamua kwa swali moja tu: ni jambo gani kuhusu biashara yako ambalo leo hujui jibu lake? Kama hujui utafikaje Mombasa na Diani ilhali hapa kila kitu kinaenda na faida yake unaijua, akselereta itakusaidia. Kama bado hujui kila oda inabakisha nini, au wateja watakuwepo mwaka mzima, pesa ya haraka na watu wanaokuhimiza ukue zitakufanya ukue ukiwa gizani. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona mambo mawili ambayo bado hamjayajua. La kwanza ni bahari yenyewe.

Mlianza Novemba. Kwa hiyo miezi yote mliyofanya kazi ni ya kaskazi: bahari imetulia, boti za Kizingitini zinatoka nje ya miamba, samaki wapo, na mahoteli yamejaa wageni wa Krismasi na wa Januari. Hamjauza samaki hata wiki moja ya kusi, msimu wa upepo mkali na bahari chafu. Programu ya Nairobi inaanza Aprili, wakati ule ule kusi inapoingia na mvua za masika zinapoanza. Boti ndogo zitakaa gatini siku nyingi, na kitakachopatikana kitapanda bei. Huku nyuma, Mei na sehemu kubwa ya Juni, mahoteli mengi ya Shela, Watamu na Malindi hufunga kwa ukarabati au hubaki na wafanyakazi wachache. Kwa hiyo samaki wanapungua na wateja wanapungua kwa wakati mmoja, na wewe uko Nairobi unachora slaidi. Siku ya kusimama mbele ya wawekezaji itaangukia Juni au Julai, mstari wa mauzo yako ukiwa umeporomoka. Sisi wa pwani tukiuona mstari ule tunajua ni kusi. Mwekezaji aliyekulia bara ataona kampuni inayokata roho, nawe hutakuwa na mwaka uliopita wa kumwonyesha kwamba hushuka na kurudi.

Tena kusi ndiyo itakayowafundisha kazi. Mtajua ni wavuvi gani hubaki wakivua ndani ya mikondo ya mikoko wakati wengine wamepaki boti, na kama kaa wa humo wanaweza kushika nafasi ya changu na nguru kwenye oda. Mtajua ni hoteli zipi hazifungi. Mtajua kama shule, mahospitali na mama karanga (wanaokaanga na kuuza samaki) wa Lamu na Mokowe wanaweza kuwa wateja wa miezi hiyo, hata kwa faida ndogo. Hayo hakuna mshauri wa Nairobi atakayewaambia, na mtu anayekaa Ngong Road akifuatilia WhatsApp hawezi kuyaona.

La pili ni hesabu ya oda moja. Hukuniandikia bei zenu, kwa hiyo nitatumia za mfano, nawe uweke zako. Tuseme hoteli ya Malindi imeagiza kilo 20 za changu. Kizingitini mnanunua kwa shilingi 400 kilo, hiyo ni 8,000. Hoteli inalipa 650 kilo, yaani 13,000. Hapo kuna 5,000 na kila mtu anafurahi. Sasa toa barafu 600, maana kwa joto letu mnahitaji karibu kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Toa nafasi ya boti hadi Mokowe 1,200, gari la Mokowe kwenda Malindi 1,000, tuktuk hadi mlango wa jikoni 300, ada za M-Pesa na simu 150. Halafu mpishi anafungua sanduku, anabonyeza nyama kwa kidole, anaangalia macho na matamvua, anarudisha kilo 2. Hizo ni 1,300. Jumla ya matumizi ni 4,550, na mfukoni mmebaki na 450, kabla ya mshahara wa yeyote kati yenu watatu. Kusi ikiingia bei ya gatini ikafika 500, oda hiyo hiyo inawala shilingi 1,550.

Sasa chukua kilo 60 kwa safari moja badala ya 20. Boti ni ile ile 1,200. Barafu 1,800, gari 2,400 kwa masanduku matatu, tuktuk 500, ada 200, na kilo 6 zilizorudishwa ni 3,900. Jumla 10,000, na tofauti ya bei ilikuwa 15,000. Zimebaki 5,000. Oda ya kwanza iliwaachia kama shilingi 22 kwa kilo, hii inawaachia 83. Ukiweza kupunguza zinazorudishwa kutoka kilo 6 hadi 2, kwa kupima vizuri gatini na kutofungua sanduku njiani, unaongeza 2,600 nyingine.

Iangalie hesabu hiyo na wenzako kwa makini, kwa sababu akselereta itawapima kwa idadi ya mahoteli na kasi ya kuongezeka. Ukiongeza mahoteli 20 yanayoagiza kilo 20 kila moja kwa siku tofauti, unaongeza safari zenye 450, na zikifika kusi unaongeza safari za hasara. Kitu kinachowapa faida ni kilo ngapi zinaingia boti moja, na samaki wangapi wanakubaliwa jikoni. Paystack na Flutterwave za Nigeria zilipita Y Combinator mwaka 2016 na zikakua vizuri, lakini kazi yao ni malipo, na programu iliyomhudumia mteja wa kwanza ndiyo hiyo hiyo inayomhudumia wa elfu kumi. Kwenu kila kilo inataka barafu yake. Sisemi biashara ya samaki haifai akselereta. Zipo zinazochukua kilimo na bahari, na Katapult Ocean ya Norwei imejikita kwenye biashara za bahari peke yake. Nasema mfike kwao mkiwa na gharama ya kilo moja kwa miezi 12, si kwa miezi 5 iliyo mizuri.

Najua mwenzako atasema: mwalimu, bila pesa hatuwezi kufanya hata hilo. Ana haki, kwa hiyo tuhesabu mnahitaji pesa ngapi na za nini. Wewe ni mtoto wa Lamu, unawajua matajiri. Tajiri amempa mvuvi nyavu, mashine, pengine na mafuta ya kila asubuhi, na deni hilo linamfunga mvuvi amuuzie yeye kwa bei yake. Nyinyi mkija na bei nzuri zaidi mnapewa ziada tu, iliyobaki baada ya tajiri kuchukua chake. Mtakachoweza kumshinda nacho si programu ya simu. Ni kumlipa mvuvi pale pale kwenye mizani, kila siku, bila kukosa. Hoteli kwa upande wake huwa inataka ilipe mwisho wa mwezi. Pengo kati ya mizani na mwisho wa mwezi ndilo linalokula mtaji wenu.

Tuseme mahoteli 9 yanachukua kilo 40 kila moja kwa wiki, jumla kilo 360. Kununua kwa 400 ni 144,000 kwa wiki. Barafu na usafiri, kwa hesabu ya safari za kilo 60, ni kama 35,000. Hoteli zikilipa baada ya wiki nne, pesa zenu zilizolala nje ni kama laki saba na elfu ishirini. Zikikubali kulipa kila wiki, zilizolala ni kama laki moja na elfu themanini. Umeona? Tatizo mnalotaka kulitatua kwa kuuza asilimia 8 ya kampuni, robo tatu yake linaisha kwa kwenda kwa meneja wa kila hoteli na kumwomba alipe kila Jumatatu, kwa punguzo la shilingi 10 kwa kilo kama atang'ang'ania. Anza na zile mbili tatu zinazowapenda zaidi. Laki moja na themanini watu watatu wenye jamaa na chama wanaweza kuzikusanya bila kuuza kitu.

Na hizo milioni 3, zitazame vizuri. Asilimia 8 kwa milioni 3 inamaanisha wameithamini kampuni nzima kwa milioni 37.5. Lakini mkononi mtapata milioni 2.2, kwa kuwa 800,000 zinarudi kwao kama ada. Kwa pesa mtakayoishika, wameithamini kwa milioni 27.5. Si wizi, akselereta kadhaa hufanya hivyo na huandika wazi, lakini ndiyo bei ya kweli ya kuweka mezani mnapojadiliana. Ulizeni pia kama milioni 2.2 zinaingia kwa mara moja au kwa mafungu, na fungu la pili linategemea nini. Fungu linalotegemea idadi ya wateja wapya mwezi wa Mei, kwenu ni fungu ambalo huenda lisije.

Halafu fuata hisa mpaka mbele. Tukichukulia mnagawana sawa sawa watatu, baada ya akselereta kila mmoja anabaki na kama asilimia 30.7. Akija mwekezaji wa pili na kuchukua asilimia 20, kila mmoja anashuka hadi 24.5, na akselereta nayo inashuka hadi 6.4. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, wote mnapungua pamoja. Tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema hisa zao hazitapungua. Kikiwepo, asilimia yao inabaki 8 na tofauti yote inatoka kwenu. Kwa kampuni ya umri wenu ningekataa kifungu hicho hata kama mengine yote ni mazuri. Haki ya wao kuongeza pesa ili wasipungue ni jambo jingine, hilo ni la kawaida na halina ubaya.

Kuna jambo ambalo najua nyumbani kwenu litaulizwa, na ni haki liulizwe, nalo ni riba. Baadhi ya mikataba ya akselereta ni mkopo unaokuja kugeuka hisa, na mkopo huo huwa na riba na tarehe ya kuisha. SAFE, iliyoletwa na Y Combinator mwaka 2013, si mkopo: haina riba wala tarehe ya kulipa, ni ahadi kwamba pesa hizo zitakuwa hisa mwekezaji mwingine atakapoingia. Kuna na kununua hisa moja kwa moja, ambako bei inajulikana leo. Barua yako inasema "kwa asilimia 8" bila kueleza ni njia gani kati ya hizo. Waandikie uulize, upate jibu kwa maandishi, kisha umpelekee sheikh mnayemwamini pamoja na mkataba wenyewe, asipewe maelezo ya mdomo tu. Hata fedha za serikali zipitisheni kwenye swali hilo hilo. Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022, kwa mfano, inatoza asilimia 8 kwa mwaka.

Sasa Mombasa. Usidhani kwa kuwa hawachukui hisa basi hakuna anayelipia. Vituo vingi vya aina hii huendeshwa kwa ruzuku za wafadhili, na mfadhili huwa anataka ripoti: vijana wangapi wamehudumiwa, wasichana wangapi, kampuni ngapi zimesajiliwa. Hakuna aibu kuhesabiwa katika ripoti. Ubaya ni pale hesabu hiyo inapokuwa ndiyo kazi, mkajikuta kila wiki mmeitwa kwenye warsha ya kupigwa picha. Muulize msimamizi mambo haya kwa lugha nzuri: ruzuku inaisha mwezi gani, huyo mwanasheria na mhasibu wana saa ngapi kwa mwezi kwa ajili yenu, na je, mnaweza kuwatumia kwa simu. Mwombe pia namba za kampuni mbili zilizopita pale, moja iliyo hai na moja iliyofungwa. Ile iliyofungwa ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu siku mambo yalipoharibika nani alipokea simu.

Siku mbili kwa wiki haziwezekani. Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300: boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, siku nzima imekwisha, na siku nyingine ya kurudi. Siku mbili za kuhudhuria ni siku nne za kazi, na nauli juu yake. Pendekeza badala yake mmoja wenu akae Mombasa siku nne mfululizo kila mwezi, na mikutano mingine iwe kwa simu. Kama mna mtu anayeshughulikia wateja wa Malindi na Watamu, huyo ndiye wa kwenda, maana tayari ameshavuka nusu ya njia. Kituo kinachowataka kweli kitakubali. Kikikataa kabisa, basi kaeni Lamu mfanye kazi yenu, na mwanasheria mtafute wa kulipa kwa kazi moja moja. Kutoingia popote nako ni jibu halali, ingawa barua mbili zikiwa mezani mtu husahau.

Vilevile hakikisheni utaalamu wa kituo unafanana na shida yenu. SwahiliPot, pale Mombasa karibu na Fort Jesus, imekuwa ikilea vijana wa teknolojia na sanaa tangu 2016, na kwa upande wa programu na mtandao wa watu ni mahali pazuri. Lakini shida yenu nusu yake ni barafu. Kenya Climate Innovation Center ya Nairobi, iliyoanza 2012, hulea biashara za nishati, maji na kilimo, na mkifika mahali pa kutaka friza za sola Kizingitini, mlango wao ni wa kubisha. Mkianza kukausha au kupakia samaki, KIRDI ni taasisi ya serikali yenye mitambo na wataalamu wa kazi hiyo. Na KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapo hapo Mombasa, wamesoma bahari hii miaka mingi. Kwenda kuwauliza kuhusu misimu na jinsi ya kumhifadhi samaki hakukutaki hisa.

Kuhusu hofu ya mwenzako kwamba milioni 3 zitapotea: nafasi hii mahsusi huenda ikapotea, siwezi kumdanganya. Lakini akselereta huchukua kundi baada ya kundi, na kazi yao ni kutafuta kampuni. Drew Houston aliwahi kukataliwa na Y Combinator kwa biashara nyingine kabla ya kurudi na Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, na kukubaliwa mwaka 2007. Nyinyi hamjakataliwa, mmeitwa. Mkirudi baada ya mwaka mmoja mkiwa na vitabu vya miezi 12, kusi na kaskazi zote ndani, na oda inayobakisha faida hata Juni, mtakuwa mnaomba milioni 3 hizo hizo kwa asilimia 5 au 4. Na mkichagua awamu inayoanza karibu na Desemba, siku ya wawekezaji itawakuta Machi, mahoteli yamejaa na mstari uko juu. Waandikieni hivyo hivyo: kwamba mmefurahi, kwamba biashara yenu ina msimu, kwamba mngependa kuingia awamu ya mwisho wa mwaka na mtakuwa mkiwatumia taarifa fupi ya mauzo kila mwezi. Halafu mzitume kweli, hasa miezi mibaya. Msimamizi aliyewaona mkipita kusi kwa maandishi hatahitaji kushawishiwa sana.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ni la haraka kuliko yote. Unasema "kampuni", lakini hukusema mmesajili nini. Kama mlichosajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni jina la biashara, hakina hisa za kumuuzia mtu, mpaka mfungue kampuni yenye hisa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015. Mwanasheria wa Mombasa awafanyie hilo wiki ya kwanza. Kabla ya hapo kaeni watatu mwandike nani ana hisa ngapi, na kwamba hisa hizo zinakomaa kidogo kidogo kwa miaka minne, anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Ni mazungumzo magumu kwa marafiki na jamaa, lakini leo mkiwa hamna kitu ni mepesi kuliko siku kuna milioni mezani.

Na ile programu ya oda. Mwenzenu aliyeitengeneza, kama ameajiriwa mahali pengine, asome mkataba wake wa kazi kwanza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyofanywa katika ajira huhesabiwa ya mwajiri isipokuwa wamekubaliana vingine. Kama aliifanya usiku kwa kompyuta yake bila uhusiano na kazi yake, ni yake yeye, bado si ya kampuni yenu, na itakuwa ya kampuni pale atakapoihamisha kwa maandishi na sahihi. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja. Isainiwe siku ile ile mtakayogawana hisa, nakala moja ikae kwako na nyingine kwa mwanasheria, kwa sababu iwe Nairobi au Mombasa, mwekezaji yeyote makini ataiulizia kabla ya kuuliza habari za samaki.